Sta-Lok kwenye waya wa mbele: nakifungua mbele yenu

Haya mabaharia, karibuni. Kitu chenyewe ni hiki, kinaenea kiganjani, na nimekingoja kutoka Uingereza mpaka nikaanza kusahau kama niliagiza. Sta-Lok. Kichwa, yaani kifungio cha ncha ya waya, cha waya wa mbele wa milimita 8, ule unaozuia mlingoti usiangukie nyuma. Sitawasomea boksi. Stenlesi ni stenlesi, mnaijua. Mimi nataka kuwaonyesha jambo moja tu, na nitalionyesha mpaka mchoke: kinafunguka.

Mbona nimechangamka hivi kwa kipande cha chuma? Sogea hapa uone cha zamani. Hiki ni kichwa cha kubanwa kwa mashine, nimekitoa chini kabisa, ndani ya dramu ya kikunjio cha tanga, kile chombo kinachoviringisha tanga la mbele kwenye waya wake. Kwa nje kinang'aa, ungekinunua. Sasa naweka lenzi... unauona huo mstari? Unaanzia mdomoni, pale waya unapoingia, unashuka. Pitisha ukucha. Unakwama. Hapo usijidanganye kwamba ni mkwaruzo, huo ni ufa. Maji ya chumvi yanateremka na waya, yanaingia mdomoni, yanatuama humo. Stenlesi inajikinga kwa utando mwembamba unaohitaji hewa. Ikinyimwa hewa na huku imelowa chumvi, inaliwa kutokea ndani. Wewe nje unapiga polishi. Na huwezi kukifungua ukachungulia. Kilishabanwa, basi, unabaki kukisia.

Halafu hivi vikunjio, jamani. Aliyeniuzia boti aliniambia, "Wewe vuta kamba tu, hakihitaji chochote." Kuvuta kamba ni raha, sikatai. Kusi imechachamaa, umekaa zako nyuma kwenye usukani, tanga linajiviringa, huendi omo kulowa. Lakini raha hiyo hiyo ndiyo inayouficha waya. Umevikwa bomba la alumini toka chini hadi juu, uzi ukikatika humo ndani hupati habari. Jahazi la Lamu halina siri ya namna hii: jarari, kamba ya kupandishia tanga, iko nje, nahodha anaitazama kila siku, ikichakaa anaibadilisha.

Haya, kazi. Kabla hujagusa pini yoyote, mlingoti uwe umeshikwa. Mimi nimeshusha jarari mbili nikazifunga omo, nikazikaza, ndipo nikalegeza waya wa nyuma. Mbili, si moja. Ukichomoa pini ya mbele bila hivyo, mlingoti utakuja kukaa na wewe.

Sasa tazameni mikono. Waya huu una nyuzi 19: mmoja katikati, 6 zimeuzunguka, 12 za nje. Kwanza navalisha kikombe hiki kwenye waya. Ukikisahau, utamaliza kila kitu halafu ufumue upya. Kisha nafumua zile 12 za nje, kwa mkono, taratibu, bila kuzikunja kwa koleo. Zinabaki 7 za kiini. Koni inavaa kiini, upande mwembamba ukitangulia. Kiini kichomoze juu ya koni kama milimita 2 hivi. Lete kamera karibu... hapo. Koni ina mpasuo ubavuni, mnauona? Uzi wa nje ukitumbukia kwenye mpasuo huo, umeharibu, fumua. Narudisha zile 12, zinajua njia kwa sababu ya msokoto wake, kisha navuta kikombe juu zikae ndani. Kikofia hiki kidogo nakitumbukiza ndani ya jicho, kile kipande cha mwisho chenye tundu la pini, naskrubu, spana mbili, nakaza bila kutumia ubabe.

Na hapa ndipo nilipopapenda. Nafungua tena! Tazameni: nyuzi zote 12 zimeinama juu ya koni, zimelala, hakuna iliyompanda mwenzake, na mpasuo uko mtupu. Simwamini fundi wala mashine, nimeona kwa macho yangu. Kikinitia wasiwasi baadaye, nakifungua nakichungulia. Nikibadilisha waya, nanunua koni mpya, mwili naendelea nao. Silanti sasa, ile ya kuziba maji, nyingi, mpaka ichuruzike, ili maji yasipate pa kukaa. Tone la gundi ya kuzuia skrubu isilegee. Kaza ya mwisho. Na uzuri wake, nimefanya haya hapa hapa Kilifi nikiwa nimekaa sitahani, bila mashine ya kubania.

Wale mtakaoniandikia habari za Hi-MOD ya Hayn, kichwa kingine cha kufunguka, cha Wamarekani, nawasikia. Ile ina pete inayotenga nyuzi za nje kila moja mahali pake, hakuna kupigana na mpasuo. Kwa anayeanza, pengine ile ni rahisi zaidi. Nasema hivyo huku nimeshika mpinzani wake mkononi, na kituo hiki hakijalipwa na mtu. Tunaolipa ni mimi na nyinyi mnaobonyeza kile kitufe, na kwa wanachama wapya, asanteni sana.

Bei? Inauma. Utaiona kwa pauni utasema afadhali. Ongeza usafiri, ongeza ushuru, ongeza VAT asilimia 16, halafu uniambie kama bado unasema afadhali. Ndiyo maana nilianza nikitaka kuwaambia badilisheni juu na chini, na sasa naona hapana, cha juu acheni kiwe cha kubanwa, mradi ni kipya. Fikiria: kichwa cha juu mdomo wake umetazama chini, maji yanadondoka yanakwenda zake. Cha chini kimefungua mdomo juu kama kikombe, kinapokea kila tone. Hata Furlex, kikunjio cha kampuni ya Seldén ya Sweden, inakuja na waya wake uliobanwa juu tayari, chini unakata mwenyewe kwa kipimo cha boti yako na kufunga kichwa cha spana, cha aina hii. Kwa hiyo hela weka kwenye kichwa cha chini.

Lakini usiache kupanda juu kuangalia. Huko adui ni jarari ya tanga. Ikienda sambamba na waya, swiveli, kile kiungo cha juu kinachozunguka na tanga, inaposhindwa kuzunguka, jarari inajiviringa kwenye bomba, na kila unapovuta kamba kwa nguvu unaufumua waya wenyewe. Jarari inatakiwa itoke pembeni, digrii 8 mpaka 10 kutoka kwenye waya. Kikunjio kikiwa kizito ghafla, usikimbilie winchi, tazama juu kwanza. Hiyo ni video ya wiki ijayo, mlingotini, upepo ukiniruhusu.

Na togoli msiiache. Ile inayocheza pande zote kati ya kichwa na sitaha. Mtu anaiondoa kwa sababu waya umekuwa mfupi, halafu anashangaa chuma kimekatika. Tanga likijaa waya unayumba pembeni, na bila togoli kila yumbo linakunja kichwa pale pale.

Mwisho, msiniulize saizi kwenye maoni. Chukua kalipa, kile kipimio cha unene, upime pini yako na tundu lake. Boti nyingi za Marekani zina pini ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, na dukani watakupa ya 12 wakwambie ni ile ile. Inaingia, ndiyo. Itikise: kama inacheza tunduni, mrudishie.