Walinipakia rangi juu ya maji, aibu nikaipata mimi

Naandika nikiwa bado nina hasira, mnivumilie. Nyumba ni ya marehemu baba, iko Uyole, ya tofali za kuchoma, na kikao cha ukoo kilishapitisha iuzwe. Dalali akaniambia, "Dada, ikiwa imechoka hivi utauza bei ya kiwanja. Ipendezeshe kwanza." Akaniletea vijana wanaojiita wataalamu wa kuandaa nyumba za kuuza. Jina silitaji. Wakisoma watajijua.

Haki yao niwape: geti lilirudi kama limetoka kwa mchomeleaji jana, majani yakafyekwa, makochi ya mama yenye viraka yakafichwa stoo. Picha walizopiga zilikuwa nzuri mpaka mdogo wangu wa Dodoma akapiga simu kuuliza kwani lazima tuuze.

Sasa njoo sebuleni. Ule ukuta wa upande wa mlimani kila masika unalowa, kuanzia chini mpaka usawa wa goti. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni juu ya msingi, kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali kama chai kwenye andazi. Niliwaonyesha kwa mkono wangu, na chumvi nyeupe ilikuwa imeshatoka kwenye lipu. Nikasema tusubiri mvua ikatike, Juni na Julai hapa Mbeya baridi inatetemesha meno lakini ukuta unakauka. Dalali hataki. Eti watu wa mpunga wa Mbarali wakishavuna wanatafuta nyumba, waikute tayari. Fundi naye: "Niachie mimi, sista." Akakwangua juu juu, akapiga pati, akamalizia na rangi ya mafuta. Ya mafuta! Ndiyo hiyo hiyo inayoziba, maji yakose pa kutokea. Mimi nimekuja kulijua hilo laki tisa ikiwa imeshaondoka.

Mteja wa kwanza wa maana alikuwa mzee mmoja kutoka Tukuyu. Jamani, mtu aliyekulia kwenye mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, utamficha unyevu? Chumbani alipita, jikoni alipita, anaitikia kwa kichwa, nami moyoni nimeshaanza kuhesabu. Kufika sebuleni hakuangalia dari wala madirisha. Aliinama, akabonyeza kwa kidole gumba pale ukuta ulipotuna kidogo. Rangi ikapasuka kama lengelenge, maji yakamwingia kwenye mkono wa koti. Akatoa leso, akajifuta taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, na kwingine mmeficha nini?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo hakuna alichokiamini. Akataka ngazi aangalie bati. Akataka kufunuliwa shimo la choo. Barua ya usimamizi wa mirathi akaisoma mara mbili, tena ile ya pili ameisogeza dirishani.

Nikampigia fundi, na hapa ndipo presha ilipopanda kuliko kwenye yale maji. Anacheka! "Sista, rangi siyo dawa. Nyumba yenu inaumwa." Kumbe unajua? Na wakati unahesabu hela ulikuwa unajua? Nikamwomba arudi aukwangue tu, ukuta upumue. Akasema kukwangua ni kazi nyingine, ina bei yake. Akakata. Sasa hivi nikipiga hapokei, ila kwenye WhatsApp ameweka picha ya geti langu.

Nilitaka kuwaambia msiwape kazi kabisa. Lakini nikiliangalia lile geti... kazi ya nje wanaijua, siwezi kudanganya. Basi wapeni ya nje, ndani msiwaruhusu hata kunywa maji. Au hapana, hata ya nje msiwape. Mtu wa kumcheka mfiwa!

Juzi mzee wa Tukuyu amepiga simu. Nyumba anaitaka bado, ila kashusha milioni sita, na ana sharti: ukuta ule aukute mtupu, tofali zinaonekana. Anasema ugonjwa akiuona kwa macho atajua atautibuje. Nimenunua brashi ya waya Mwanjelwa, nakwangua mwenyewe jioni nikitoka kazini. Pati inatoka laini kama uji. Laki tisa yangu hiyo, naizoa kwa kizoleo.