TAHADHARI: Muuza "mbao za baharini" hapa Mwanza mwenye ndoo ya maji ya chumvi

Wana Mwanza, hasa ninyi mliojenga au mnaojenga kando ya ziwa, Luchelele, Bwiru, Igombe, Kayenze, someni hii kabla hamjatoa hata senti ya ubao mmoja. Kuna mtu anauza mbao za kujengea baraza la nje, mwenyewe anaziita mbao za baharini. Ni mwizi. Nimeliandika neno hilo nikalifuta, nikaandika mengine ya kistaarabu, na nimelirudia hilo hilo kwa sababu halina mbadala.

Jina lake silitaji. Suala liko polisi na kaka amenikataza. Mtamjua kwa ndoo.

Wanaojua habari ya nyumba ya Mzee wanajua kwa nini tulilihitaji lile baraza, sirudii. Wengine mjue tu kwamba ziwa lilipopanda mwaka 2020 mpaka kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu 1964, uwanja wetu wa mbele uliingia maji na hadi leo udongo wake haukauki. Mama na goti lake hawezi kukanyaga tope kila anapotoka mlangoni. Tukakubaliana tuinue baraza la mbao juu ya nguzo, litoke mlangoni hadi kwenye yale mawe makubwa, akae pale jioni apate upepo.

Nilifika kwenye yadi yake asubuhi. Akanisalimia, "Mwangaluka, mayu," akavuta kiti, akakifuta kwa leso yake, akamwagiza kijana alete chai. Hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliniuliza nyumba iko umbali gani na maji, upepo wa usiku unaingilia upande gani, jua la mchana linapiga wapi, nguzo zitakaa kwenye udongo au kwenye zege. Niambieni ninyi, tapeli gani anauliza kama nguzo zitakaa kwenye zege? Nilikuwa nimepita yadi nyingine kabla ya hapo na kote waliniuliza swali moja tu, "Unataka mbili kwa sita ngapi?"

Kisha akasema, "Dada yangu, sitaki uniamini kwa maneno." Akainama akatoa chini ya meza ndoo nyeupe, zile za rangi za lita 20, imejaa maji. Akachovya kidole akalamba. Akaniambia na mimi nilambe. Nikalamba, chumvi kali mpaka nikakunja uso. Akakunja shati hadi kwenye kiwiko, akazamisha mkono, akatoa boliti na kipande cha ubao. Ile boliti ilikuwa inang'aa, haina hata doa. Kichwani imechongwa A4-70, alama ya stenlesi ya baharini, akanipa niisome mwenyewe kwa sauti mbele ya wale vijana wake. Akasema imo humo tangu mwaka jana. Halafu akachukua msumeno, akakata kile kipande cha ubao katikati, taratibu, vumbi likianguka kwenye viatu vyangu, akanikabidhi vipande vyote viwili. Kijani cha dawa kilikuwa kimeingia kutoka nje mpaka ndani kabisa. Akasema, "Hizi ndizo zinazojenga mahoteli ya Nungwi, Zanzibar. Zimesimama baharini, mawimbi yanazipiga usiku na mchana. Sasa hili ziwa lenu lisilo na hata chembe ya chumvi litazifanya nini?"

Hapo ndipo aliponipata. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile boliti kiganjani mwangu.

Kuna ndugu ambao tangu jambo hili litokee wananiuliza kwa sauti ya kucheka, "Kwa hiyo uliamini ndoo?" Nawajibu hapa mara moja. Ile boliti ilikuwa stenlesi ya kweli, daraja linalotumika baharini kweli. Kile kipande cha ubao kilikuwa na dawa kweli, fundi amekiona, amekithibitisha. Sikuonyeshwa kitu cha uongo hata kimoja asubuhi ile. Aliniletea pia nakala ya cheti cha kiwanda cha kutibu mbao kutoka Mafinga, na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu chenye mhuri. Akanifungulia simu akanionyesha picha za mabaraza aliyojenga. Nilimpigia hata mtu aliyedai ni mteja wake wa Capri Point, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akanieleza jinsi baraza lake lilivyodumu. Leo ile namba haipatikani. Mtu anayefanya kazi ya kuandaa yote hayo kwa ajili ya kumwibia mjane wa marehemu Mzee wetu, mnataka ningemjuaje?

Nilimlipa milioni tatu na laki nane kwa simu. Jina lililotokea wakati wa kutuma halikuwa lake. Akasema ni la mke wake, ndiye anayeshika mahesabu.

Mzigo ulifika magharibi. Mvua inanyesha, umeme umekatika, kirikuu imejaa, dereva anapiga honi anasema ana safari ya Magu. Mbao za juu nilizishika kwa tochi ya simu, nzuri, nzito, za kijani. Zikashushwa, zikafunikwa turubai. Fundi wetu alikuwa Ukerewe msibani, alirudi zimeshapangwa ukutani. Yeye alizaliwa kwenye mitumbwi, kwao wanajenga mitumbwi Igombe, na tangu mwanzo alitaka mbao ngumu za mkongo au mvule, kwa hiyo naomba msimguse katika hili. Aliinua ubao mmoja akasema, "Mama, hizi nyepesi." Nikampigia yule mtu palepale, nikaweka sauti ya juu fundi asikie. Akacheka akasema zimekaushwa kwenye tanuri ndiyo maana. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Fundi akanyamaza, akaanza kazi.

Na kazi yake aliifanya inavyotakiwa. Nguzo alizisimamisha juu ya vitako vya zege, hazikugusa udongo. Kati ya ubao na ubao aliacha nafasi, akipima kwa msumari wa inchi nne, ili maji yapite na upepo ukaushe chini. Kila alipokata alipaka dawa kwenye mkato. Nasema haya kwa sababu kuna watu mtaani kwetu wanasambaza kwamba fundi ndiye aliyeharibu.

Vuli ilipita. Masika ilipoanza, kijani kikaanza kutiririka. Kiliteremka kwenye zege, kikachora michirizi kwenye ukuta mweupe, nikakisugua kwa sabuni na kikatoka. Dawa ya kweli haitoki kwa sabuni. Mbao zile za dawa huingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, hewa inavutwa kwanza, kisha dawa ya shaba, kromu na aseniki inasukumwa kwa mgandamizo mpaka ndani ya nyuzi, na ikishakauka inashikana na ubao wenyewe. Hii yetu ilikuwa rangi. Mbao zikaanza kujikunja pembeni. Kila kichwa cha skrubu kikatoa kutu, mstari mwekundu ukishuka chini yake, hizo ndizo skrubu na boliti alizoniuzia kuwa za baharini.

Sasa nifike kwenye lililonivua nguo. Wageni walipokuja kwa ajili ya mdogo wangu, mnaomjua mnajua ni shughuli gani, walitoka Bukoba, wamevaa vizuri, wametulia. Tuliwaweka barazani kwa sababu ndipo penye heshima. Baba mkubwa wa kijana, mzee wa watu, aliinuka kujibu salamu za upande wetu. Alipiga hatua moja. Ubao ukakatika, mguu ukazama mpaka gotini, na fimbo yake ikarukia kwenye sahani. Damu ilitoka. Mama aliangua kilio mbele ya wakwe. Hakuna mgeni aliyetamka neno, na ule ukimya wao naomba Mungu asiwape hata adui zangu. Wanaume walipomnyanyua mzee, fundi alikiokota kile kipande akanipa. Nje rangi ya kijani. Ndani paini nyeupe, laini kama mkate ulioloweshwa, na mchwa wamejenga njia zao za udongo katikati.

Mzee amepona, namshukuru Mungu. Mazungumzo yale yamesogezwa mbele.

Nilipokwenda yadi na kile kipande aliniambia, mbele ya wateja, "Dada, wewe umeshindwa kutunza, mbao inataka mafuta kila mwaka." Nikamuuliza iko wapi dawa uliyonionyesha. Akasema hanijui! Na ndoo ilikuwepo pale pale chini ya meza, na baba mmoja ameketi kwenye kile kiti, anakunywa chai. Nilimwambia yule baba kila kitu kwa sauti. Vijana wakanishika mikono wakanitoa nje mimi, mtu mzima, mama wa watoto.

Fundi ndiye aliyenieleza ule mchezo wa chumvi, na ningependa muuelewe. Chumvi ya bahari ni adui mkubwa wa chuma. Ndiyo maana kule Zanzibar na Tanga boliti lazima iwe ile stenlesi ya A4, ya kawaida inaliwa haraka. Ubao wenyewe chumvi haiuozeshi. Kinachoula ubao uliozama baharini ni minyoo yake, na ile minyoo haiko kwenye ziwa letu. Huku kwetu maji hayana chumvi, wauaji wa ubao ni mchwa na kuvu, na kuvu hustawi ubao unapolowa na kukauka nusunusu, mvua baada ya mvua. Kwa hiyo ubao unaweza kukaa kwenye ndoo ya chumvi miaka na usikueleze chochote kuhusu mchwa wa Luchelele. Yeye analijua hilo vizuri kuliko sisi, ndiyo maana anaongelea bahari.

Dalili, kwa haraka, maana mkono unanitetemeka. Usikubali kipande anachokichagua yeye. Chomoa ubao wa chini kabisa ya lundo na ukatwe katikati, wala si mwishoni, kwa sababu miisho huwa wanaichovya na inanyonya rangi. Kijani kikiwa ganda tu la juu, ondoka. Kwenye paini kiini kinaweza kubaki cheupe hata kama dawa ni ya kweli, lakini ile sehemu ya nje yote lazima iwe imeingia. Boliti soma kila moja, siyo ile ya ndoo. Zangu hazikuwa na maandishi yoyote, na sumaku ya spika ilizing'ang'ania zote, wakati stenlesi ile nzuri karibu haivutwi kabisa. Mbao za misitu ziwe zimegongwa nyundo ya alama ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na kibali kiwe cha mzigo huo, tarehe isiwe imepita kama ilivyokuwa yangu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Na mzigo unaokuja giza linaingia, rudisha. Yapo mengine, fundi anayajua, muulizeni.

Lakini dalili hazitoshi, mtu huyu anatakiwa ndani. Anatakiwa alipe, kwanza, kila shilingi, halafu afungwe. Anatakiwa aje yeye mwenyewe na vijana wake wang'oe mbao hizo mbele ya mtaa mzima, azibebe kichwani hadi barabarani. Aende Bukoba kwa miguu yake akamwombe radhi yule mzee. Leseni yake ifutwe, yadi ifungwe, na ile ndoo ichukuliwe kama kidhibiti. Sisemi kwa hasira peke yake. Alijua ninamnunulia mama mwenye goti bovu, nilimwambia, na akaniuliza goti gani, la kulia au la kushoto, akanipa pole. Mtu wa namna hiyo akiachwa leo, kesho ubao utakatika chini ya mtoto, na chini ya baraza la huyo mtoto pengine ni mawe au ni maji.

Jambo jingine nisilisahau. Kuna mbao chache za juu ya lundo zilikuwa na dawa kweli, zile za kufunikia uongo. Nilimkuta Mama ameanza kuchukua vipande vyake kupikia. MSIZICHOME. Ile dawa ina sumu ya aseniki, inabaki kwenye majivu na inapanda na moshi. Mlionunua kwake na mna vipande nyumbani, viondoeni jikoni leo hii, na majivu msiyatupe bustanini.

Nimeshafungua jalada. Askari aliyenipokea alisema kesi ya mlalamikaji mmoja mtu kama huyu ataiita ugomvi wa mteja, ila tukiwa wengi inakuwa kitu kingine. Najua siko peke yangu, maana yule baba aliyekuwa anakunywa chai amenitafuta, naye alikuwa ameshalipa nusu. Kama ulinunua kwake, kama ulilamba ile ndoo, usione haya, niandikie pembeni. Tunza ujumbe wa malipo, usiufute, na jina lililotokea upande wa kupokea liandike. Ubao uliokatika usiutupe, ufunge kwenye mfuko mkavu pamoja na skrubu zake. Jumatatu asubuhi tunakwenda kituoni pamoja, na fundi anakuja na msumeno.