Mwaka mmoja na huduma ya kupima kuridhika kwa wafanyakazi

Ninasimamia kitengo cha kufunga na kusafirisha mizigo, watu 23. Kampuni yetu ililipia huduma hii mwaka jana: dodoso kwenye simu kila miezi 3, ripoti kwa wakuu wa vitengo, daftari la mawazo, na mshauri wa kukaa nasi siku nzima kuyajadili majibu. Tumemaliza mizunguko 4, na nawaandikia wanaofikiria kuichukua.

Dodoso ni jepesi, dakika 5 mtu amemaliza. Mzunguko wa kwanza tulipata alama za juu kwenye mshahara, zamu na vifaa, nikatembea kifua mbele. Kisha nikafika swali la 9: "Mara ya mwisho ulipotoa wazo, ulijibiwa?" Watu 17 walisema hapana. Wameridhika, na wamenyamaza!

Hapa mshauri alistahili kila senti. Alinieleza habari za Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1959 kwamba mshahara na mazingira mazuri humwondolea mtu kero, ila ari hutokana na kazi yenyewe, kutambuliwa na kukabidhiwa dhamana. Akanipa na kisa cha 3M, kampuni ya Marekani. Mwaka 1968 mkemia wao Spencer Silver alipata gundi dhaifu ambayo haikuwa na kazi. Alizidi kuwasimulia wenzake miaka nenda miaka rudi, hadi mwaka 1974 mwenzake Art Fry alipoona inafaa kwa vikaratasi vya kuwekea alama kitabuni. Vikaratasi hivyo vya kubandika na kubandua, Post-it, viliuzwa Marekani nzima mwaka 1980. Nilijiuliza: Silver angekuwa chini yangu, ningemvumilia hata mwezi mmoja?

Tukaanza na daftari. Sharti lake ni moja: kila wazo lijibiwe ndani ya siku 10, na likikataliwa, sababu iandikwe. Dada mmoja ambaye sikuwahi kumsikia mkutanini aliandika: "Lebo tunabandika juu. Katoni zikipangwa, za chini hazisomeki. Tubandike ubavuni, pande mbili." Nilikwenda naye ghalani, nikainama mbele ya katoni 6 zilizopangana. Lebo iliyoonekana ilikuwa ya katoni ya juu tu. Nimepita pale kila siku kwa miaka! Kesho yake tukabadilisha.

Baada ya wiki chache akaja na jingine. Malori yetu yanarudi matupu. Aliomba awaulize wateja 5 kama wangelipia yabebe mizigo wanayoirudisha kwa wauzaji wao. Tulimpa wiki 2, simu ya ofisi, na ahadi kwamba ikishindikana hataulizwa. Wateja 3 walikubali. Leo ni huduma yenye bei yake, ameajiriwa kijana wa kumsaidia, na yeye ndiye msimamizi. Nilipigania aongezwe mshahara, akaongezwa.

Sasa kasoro. Ripoti ya kwanza iligawa majibu kwa zamu, na zamu ya usiku ina watu 4. Yeyote anayewafahamu angejua nani kasema nini. Mzunguko wa pili zamu hiyo haikujaza kitu, na siwalaumu. Nililalamika, ikachukua miezi 3 kurekebishwa. Siku hizi kundi la chini ya watu 8 halionyeshwi peke yake. Kabla hujatia sahihi mkataba, uliza hilo kwanza. Pia kuna alama moja ya jumla inayopendwa sana na wakubwa. Mimi haijanisaidia lolote.

Na huduma haimjibii mtu daftari. Kitengo kimoja jirani kilipata vyote tulivyopata, lakini mkuu wake hakujibu wazo hata moja. Siku hizi daftari lao halina maandishi mapya.

Nyota 4 kati ya 5. Tumelipia mwaka wa pili. Asubuhi hii nina mawazo 6 yanayosubiri jibu, na 2 yametoka zamu ya usiku.