SimCity 4 au Cities: Skylines: ujenge mji wako wapi?

Swali hili haliishi kuulizwa kuhusu michezo hii miwili ya kompyuta ya kujenga na kuendesha mji. Kwenye pesa, SimCity 4 ya mwaka 2003 ni kali: ukijenga hospitali na shule kabla kodi hazijaanza kuingia vizuri, hazina inakauka. Inabidi ubofye shule moja moja na kupunguza bajeti yake kulingana na idadi ya wanafunzi. Mimi naupenda sana ukali huo. Cities: Skylines ya mwaka 2015 inasamehe, ukishavuka mwanzo, pesa hujaa.

Lakini barabarani Skylines iko mbali mno. Kila gari lina safari yake. Bofya gari la maiti lililokwama kwenye makutano, utaona linakokwenda. Foleni ikizidi, maiti hubaki majumbani na watu wanaanza kuhama. Kumbe kosa lilikuwa kuweka barabara moja tu ya kuingia mtaani.

Kompyuta ya zamani huimudu SimCity 4. Skylines inakula RAM (kumbukumbu ya kompyuta), hasa ukijaza modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, na sasisho jipya linaweza kuziharibu. Mpenda hesabu mwenye mashine ndogo achukue ya kwanza. Anayetaka kufumua foleni, na mashine anayo, aende Skylines.