Nilivyopima lehemu chuoni: kipimo kizuri, swali moja limesahaulika

Nimepima lehemu, yaani kolesteroli, kwenye zahanati ya chuo nikiwa na miaka 21. Kipimo chenyewe nakisifu. Muuguzi alinisafisha kidole kwa spiriti, akanitoboa, akafuta tone la kwanza na kuchukua la pili bila kunikamua. Ukikamua sana, majimaji ya mwili huchanganyika na damu na jibu linapotoka. Baada ya dakika chache mashine ikaonyesha 236.

"Iko juu kidogo, mdogo wangu. Punguza mafuta." Akamwita anayefuata.

Hapo ndipo huduma ilipopwaya. Ile 236 ni jumla, miligramu kwa desilita ya damu, na inatakiwa iwe chini ya 200. Lakini jumla haikuambii ni lehemu ipi iliyozidi. LDL ndiyo inayojijenga kwenye kuta za mishipa. HDL husaidia kuiondoa. Watu wawili wanaweza kupata namba ileile na hali zao zikawa mbalimbali kabisa. Tena fomu haikuuliza lolote kuhusu wazazi. Baba yangu alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 44, mtu mwembamba, hana hata kitambi.

Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango nilipogeuka. "Dada, baba yangu aliugua moyo."

Akaweka kalamu chini. "Rudi ukae."

Kuanzia hapo nampa haki yake. Aliniandikia kipimo kamili: damu ya mshipani, asubuhi, baada ya kukaa muda wa saa 12 nikinywa maji tu. LDL 168, HDL 48, trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) 100. Daktari alikaa nami karibu nusu saa. Alinieleza kwamba ipo lehemu ya kurithi, humpata takriban mtu 1 kati ya 250, na mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Yangu hakuihukumu kwa kipimo kimoja. Tutarudia baada ya miezi mitatu, na ndugu zangu nao wapimwe.

Wanachuo wenzangu wengi hawaendi kabisa, wanasema moyo ni ugonjwa wa wazee. Mimi sikuwa na dalili hata moja, na mpaka leo sina.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ukienda, dai karatasi yenye LDL yako, na utaje ugonjwa wa moyo wa nyumbani kwenu kabla hujatobolewa. Mdogo wangu anapima Jumatatu; nimemwandikia kwenye karatasi: "Baba, mshtuko wa moyo, miaka 44."