Lewis au Robeson: nani alikuwa wakili zaidi?

William H. Lewis na Paul Robeson wote walikuwa Wamarekani weusi waliotamba chuoni katika futiboli ya Kimarekani, kisha wakasomea sheria. Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake.

Lewis, ambaye wazazi wake waliwahi kuwa watumwa, alikuwa nahodha wa timu ya chuo cha Amherst mwaka 1891, halafu akachezea Harvard huku akisoma sheria. Kinyozi alipokataa kumnyoa, hakuishia kununa: alipigania hadi sheria ya Massachusetts dhidi ya ubaguzi ikapanuliwa mwaka 1893. Mwaka 1911 akawa Mwanasheria Mkuu Msaidizi wa Marekani. Viongozi wa chama cha mawakili wa Marekani walipotaka kumng'oa uanachama, aligoma kujiuzulu.

Robeson, nyota wa timu ya chuo cha Rutgers, alimaliza sheria Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1923. Ofisini, karani mzungu akakataa kuandika maneno aliyomsomea. Robeson akaaga, akaingia jukwaani kama mwigizaji na mwimbaji. Baadaye, huko London, alijifunza hata Kiswahili.

Kwa umaarufu, Robeson hashikiki, na sauti ile ingepotea bure kwenye mafaili. Lakini tukizungumzia uwakili wenyewe, mimi namchukua Lewis.