Pasi ya Eurail kwa mhamaji mwenye kikundi: uzoefu wangu

Sina nyumba wala chumba cha kupanga. Mali yangu yote inaingia kwenye begi moja la mgongoni, na kinachoniweka mjini ni safari za treni za vikundi barani Ulaya: nachora njia, natafuta viti, napanda nao. Kazi hiyo naifanya na pasi ya Eurail, tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi za Ulaya, ile ya simu inayokaa kwenye programu ya Rail Planner. Naipenda, lakini si kila ninayemwongoza namshauri ainunue.

Kwanza ujue ni ya nani. Eurail huuziwa anayeishi nje ya Ulaya; mkazi wa Ulaya ananunua Interrail, pasi ya namna hiyohiyo. Kinachoangaliwa ni makazi rasmi, si uraia. Kwa sisi tusio na makazi swali hilo linakera kidogo, lakini jibu ni nchi ambayo hati zako zinakutambua kuwa mkazi wake. Andika hiyo.

Nikiwa peke yangu ni raha tupu. Unachagua siku za safari, mathalani 10 ndani ya miezi 2, na siku unayoitumia unapanda treni kadiri upendavyo hadi saa sita usiku. Ujerumani, Austria na Uswisi treni nyingi hazikulazimishi kuhifadhi kiti, kwa hiyo nikiamka nikakuta mvua nabadili mji. Kazi za kompyuta nazimalizia kwenye meza ya behewa. (Mikutano ya video sahau, mahandaki hayana huruma.)

Kikundi ndicho kinachovuruga hesabu. Unachonunua kwenye pasi hii hasa ni uhuru wa kubadili nia, na watu kumi hawabadili nia kwa pamoja. Tena ukipanda treni za kasi kama TGV Ufaransa, AVE Hispania au Frecciarossa Italia, kila mwenye pasi lazima ahifadhi kiti na alipie juu ya pesa aliyokwisha kulipa. Eurostar, treni inayounganisha London na bara la Ulaya, nayo hutenga viti maalumu kwa wenye pasi, vikiisha, vimeisha. Mtu mmoja hupenya. Kundi zima halipenyi. Njia za namna hiyo nawaambia watu wangu tuachane na pasi, tununue tiketi za kawaida mapema, na naulizia nauli ya vikundi, ambayo mara nyingi huanzia watu 10.

Kwenye milima ya Alps mambo ni mengine kabisa. Chukua Bernina Express, treni ya watalii ya Uswisi, ile yenye madirisha yanayopinda hadi kwenye paa: hiyo lazima uhifadhi kiti na ulipie. Lakini treni nyekundu za kawaida za Rhaetian Railway, kampuni ya reli ya huko Uswisi, zinapita reli hiyohiyo kati ya St. Moritz na Tirano, na pasi inatosha. Zinapanda hadi mita 2,253 pale Ospizio Bernina, kisha zinateremka hadi mita 429 Tirano, upande wa Italia, bila msaada wa reli ya meno (ile ya katikati inayoshikwa na gurudumu lenye meno) ingawa mteremko unafika asilimia 7. Kule Brusio treni inapita juu ya daraja la mawe, inazunguka duara zima, halafu inapita chini ya tao la daraja lilelile. Baadhi ya mabehewa ya zamani madirisha yake hufunguka, kwa hiyo hakuna kioo cha kukuharibia picha. Na wenzako wakitaka kushuka njiani wanywe chai, mnashuka, mnasubiri inayofuata. Hapo pasi na kikundi vinapatana.

Sasa programu yenyewe. Pasi ina jina la mtu na haiazimwi. Kabla ya kupanda, kila mmoja lazima aiingize treni ile kwenye safari yake na kuiwasha, ndipo msimbo wa QR utokee. Asiyefanya hivyo anahesabiwa hana tiketi, na mkaguzi haangalii sura. Kwa hiyo pale jukwaani, kabla ya kuhesabu mabegi nahesabu simu: kila mtu ananinyooshea mraba wake. Siku ya kwanza wananicheka kama mwalimu wa zamu. Baada ya siku mbili tatu wananionyesha kabla sijafungua mdomo. Pasi za watu kadhaa zaweza kukaa kwenye simu moja, jambo linalowafaa wazee, ila basi lazima msafiri pamoja na simu hiyo isizime chaji. Programu pia inataka kuonana na intaneti angalau mara moja kila siku 3.

Treni za usiku zina afueni yake: ikiondoka kabla ya saa sita usiku inakula siku moja tu, ile ya kuondoka, mradi usibadili treni baada ya saa sita. Kitanda unalipia kando. Mwenye watoto wa miaka 4 hadi 11 aombe pasi zao za bure, mpaka wawili kwa kila mtu mzima.

Kwa mhamaji, pasi ninayoiogopa ni ya miezi 3 mfululizo, ile ya kusafiri kila siku bila kuchagua siku. Schengen ni eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, na mgeni anaruhusiwa kukaa humo siku 90 ndani ya siku 180, na miezi mitatu mara nyingi huzidi 90. Zamani watu walikwenda Romania na Bulgaria ili kusimamisha hesabu hiyo. Tangu 1 Januari 2025 nchi hizo zimo ndani kikamilifu, siku zake zinahesabiwa. Mimi nachukua pasi fupi, na kundi likishatawanyika, kwa kuwa viza yangu inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, naelekea Belgrade, mji mkuu wa Serbia. Kutoka hapo kuna reli ya kilomita 476 hadi Bar, pwani ya Montenegro. Serbia na Montenegro zote zimo kwenye pasi, na hakuna hata moja inayogusa zile siku 90.